Kofia Nyekundu ya Fundi Kinyume

Fundi Kinyume alikuwa hajakanyaga kwenye bwawa la kuogelea la mji tangu siku lilipofunguliwa. Hata akitumwa sokoni alizunguka nyuma ya hospitali, mradi tu asipite mbele ya geti lake.

Kisa chenyewe kilikuwa ramani. Enzi za ujana wake ndiye aliyepewa kazi ya kulijenga, bwawa la kwanza la watu wote, si la hoteli wala la wakubwa. Akaitandaza ramani juu ya pipa, akaisoma kutoka upande usio wake, na kabla mtu hajashtuka zege lilikuwa limeshakauka. Kina kirefu kikaja mlangoni pa vyumba vya kubadilishia nguo, na maji ya magotini yakaenda kule mwisho, ukutani, ambako hayakuwa na kazi na mtu.

Wakubwa walikuna vichwa, wakaamua kunyamaza. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alitoka chumbani na kaptula mpya, brasbendi ikapiga, naye akashuka kwa madaha, akidhani analowesha nyayo tu. Alizama mzimamzima, ikabaki kofia yake inaelea. Msichana wa usafi ndiye aliyemnyooshea fagio la mpini mrefu na kumvuta nje, na kuanzia hapo akawekewa kiti palepale mlangoni. Kazi yake ikawa kumshika mkono kila anayetoka na kumuuliza kama anajua kuogelea. Asiyejua anavishwa kofia nyekundu na kupelekwa kwa mwalimu, bure, kule kwenye maji mafupi.

Msichana huyo Fundi alimwoa. Watu walisema angalau kwenye kazi ile hakutoka mikono mitupu. Alicheka nao, lakini utani huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpelekea mkewe hata chai kazini.

Sasa bwawa lilikuwa linakarabatiwa, na mlango ule ungezibwa, ufunguliwe mwingine upande wa maji mafupi. Mkewe alimwekea kaptula ya kuogelea ya mtoto wao kitandani.

"Mzee wangu, Jumatatu wanalifuta kosa lako," alimwambia. "Njoo ulione mara moja likiwa bado lako."

Akaenda, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akajichomeka katikati ya wageni waliokuja na basi. Hakutegemea kuona vile alivyoona. Kulikuwa na bomba la kutelezea lililojikunja mara tatu, chemchemi za watoto, chumba cha mvuke, na mgahawa uliojaa vicheko na harufu ya chipsi. Vigae vyake vya buluu vilikuwa palepale, havijabanduka hata kimoja. Alivipapasa kwa kidole huku akijifanya anafunga kiatu.

Halafu dada aliyekuwa akiongoza wageni akashika kipaza sauti na kuanza kusimulia habari za fundi aliyejenga bwawa kinyume. Wageni wakacheka hadi wakashikana mabega. Fundi akaanza kutafuta njia ya kutokea.

"Nani hapa amewahi kuvaa kofia nyekundu?" dada yule akauliza.

Mkono wa muuza tiketi ukapanda. Ukapanda wa mpishi wa chipsi, wa mwokoaji juu ya kiti chake kirefu, na wa nusu ya waliokuwa majini. Wa dada mwenyewe ulikuwa juu kabla hajauliza.

"Pasingekuwa na kina mlangoni, nani angetuuliza kama tunajua kuogelea?" akasema. "Mlango unahama Jumatatu. Kiti kinahama nao."

Fundi alisahau alikuwa anatafuta nini. Machozi yalimlengalenga, akasingizia dawa ya maji. Akaingia chumbani na wenzake, akavaa ile kaptula, na alipotoka mlangoni akadakwa mkono.

Mkewe alimtazama usoni asimfanyie upendeleo wowote. "Unajua kuogelea?"

Fundi akayatazama maji. Kila kona ya bwawa lile ilipita mikononi mwake. Foleni nyuma yake ilikuwa inasubiri.

"Sijui, mama."

"Nilijua," mkewe akasema, akamvisha kofia nyekundu hadi masikioni. Kisha akainuka kitini, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu, akampeleka mwenyewe. Ilibidi walizunguke bwawa zima, wameshikana mikono, vigae vinateleza, na Fundi Kinyume alinung'unika njia nzima kwamba aliyeweka maji mafupi mbali kiasi hiki hakuwa na akili.