Kupita si Kukaa

"Viza ya kupitia iko wapi, mzee?" dada wa kaunta aliuliza, huku akipekua pasipoti mpya kwa mara ya pili, kana kwamba hiyo viza ilikuwa imejificha kati ya kurasa mbili zilizogandana.

Mzee Nailoni alicheka. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amesimama hatua thelathini tu kutoka kaunta ile, mlangoni mwa uwanja wa ndege, akizungusha mabegi ya wasafiri kwenye mashine yake na kuyavika nailoni. Wapagazi ndio waliompa hilo jina, naye akalizoea mpaka akasahau kulikataa.

"Binti yangu, huyu hakai huko," alisema, akimwonyesha mke wake kwa kidevu. "Anabadilisha ndege tu. Masaa tisa, halafu huyo, anaendelea. Kupita si kukaa."

"Nakuelewa. Lakini tiketi zake ni mbili, mzee wangu. Hii inaishia huko. Ile nyingine ni ya kampuni tofauti, haijuani na sisi. Begi litashushwa, itabidi atoke nje alichukue, apange foleni upya. Akitoka nje ameshaingia nchini mwao. Na kwa pasipoti hii, haingii bila viza."

Mke wake alisimama kando yake. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amelazwa wiki ya tatu sasa, ndege mbili kutoka pale, katika nchi alikokwenda kutunza wazee wa watu wengine. Ini lilikuwa limechoka. Daktari aliwaambia kwenye simu bila kuzunguka: kama mama anakuja, aje wiki hii. Na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Zile tiketi mbili zilikuwa akili ya Mzee Nailoni mwenyewe. Msafiri mmoja aliwahi kumwambia, begi likizunguka, kwamba mjanja hanunui safari nzima kwa kampuni moja, huikata vipande, bei ishuke. Mzee Nailoni alipenda kujua mambo ya namna hiyo. Alivijua viwanja vya dunia nzima, wapi baridi, wapi maafisa wakali, wapi maji ya bure, na hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Mke wake alimuuliza, "Si tupite ubalozini kwanza, baba? Kuuliza si ujinga." Akamjibu kwamba yeye amekula chumvi nyingi pale uwanjani, na anayepita tu haombi ruhusa kwa mtu. Mke akakubali. Alikuwa akimwamini tangu ujana wao.

"Basi begi libaki," Mzee Nailoni alisema sasa. "Aende mikono mitupu. Hakuna cha kuchukua, hakuna cha kutokea nje."

Dada wa kaunta alitazama saa ukutani. "Ngoja niwapigie wale wa ndege ya pili," alisema, akainua simu.

Mzee hakungoja. Alilivuta begi kutoka kwenye mizani, akalilaza sakafuni, akatoa kisu chake kidogo mfukoni. Asubuhi ile alikuwa amelifunga kwa mapenzi yote, mizunguko minne, pembe zikarudiwa mara mbili kama za watu wanaobeba vyombo vya kioo. Siku zote alijisifu kwamba begi lake halifunguliwi na mwenye haraka, na leo mwenye haraka alikuwa yeye. Kisu kiliteleza, nailoni ikavutika badala ya kukatika. Alipofika kwenye zipu jasho lilikuwa likimdondoka puani. Alitaka kutoa vichache tu viingie kwenye mkoba: dawa za presha za mke wake, soksi za sufu ambazo binti aliziomba kwa sababu miguu haikupata joto tena. Begi likafunguka kwa nguvu na kila kitu kikamwagika. Magauni ya kulalia, mafuta ya mwili, mto mdogo aliolalia binti yao utotoni, ambao mama aliufua na kuupiga pasi bila kumwambia mtu.

"Wamekataa," dada wa kaunta alisema kwa sauti ya chini. "Pasi ya kupandia inatolewa kaunta yao tu, na kaunta yao iko nje. Hata bila begi hapiti. Samahani sana, mama yangu."

Mke wake alipiga magoti, akaanza kuokota. Alikunja kila kitu vizuri, taratibu, kama yuko chumbani kwake. Foleni ikawakwepa.

Mzee Nailoni aliyatazama mabegi yaliyokuwa kwenye foleni, mengine yaking'aa kwa nailoni yake. Ni wangapi aliwaambia maneno yale, kupita si kukaa? Wanapita mlangoni kwake wakicheka, wanamshukuru, anawapungia. Wanaorudishwa hutokea mlango mwingine. Miaka kumi na saba hakuwahi kumwona hata mmoja.

Kesho yake walikuwa ubalozini kabla ya mlango kufunguliwa. Bwana wa dirishani, nyuma ya kioo, alizipokea fomu na barua ya hospitali, akazigonga mezani zikae sawa.

"Siku tano za kazi."

"Ndugu yangu, mgonjwa hahesabu siku za kazi."

"Hata mimi sizihesabu, mzee. Nimezikuta zimeshahesabiwa."

Kununua tiketi nyingine moja iliyonyooka hawakuweza. Kila walichokuwa nacho kilishaingia kwenye zile mbili. Wakarudi nyumbani kungoja. Mama alizungumza na binti yake kila alasiri, mlango umerudishwa, naye mzee akasimama ukumbini akisikiliza.

"Niko njiani, mwanangu," alimsikia akisema. "Bado kidogo tu. Wewe lala."

Alitaka agombezwe. Alikuwa na majibu tayari, hata machozi. Lakini mke wake alimwekea chakula kikiwa cha moto, akamuuliza kama chumvi imetosha. Kosa lilikuwa lake peke yake, na hakuna aliyetaka kumpokea hata nusu.

Jumamosi mchana simu iliita nje ya saa yake. Alikuwa msichana aliyekuwa akiishi chumba kimoja na binti yao. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu, kwa kunipigia mwenyewe." Kisha akakaa sakafuni, si kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuijua.

Jumatano ubalozi ukaita. Pasipoti haiachwi, mzee akaenda. Viza ilikuwa imebandikwa ukurasa wa tano, safi, na picha ya mke wake anayetazama mbele bila wasiwasi. Ruhusa ya kupita, mara moja.

"Safari njema," alisema bwana wa dirishani.

"Asante," alijibu.

Binti yao alirudi wiki iliyofuata, kwa njia ile ile, akapita katika nchi ile ile. Walimpokelea nyuma ya uwanja, kwenye banda la shehena ambako Mzee Nailoni hakuwahi kuwa na shughuli. Karani aliwapa karatasi, na yeye akaisoma mstari kwa mstari: aliposhushwa, masaa aliyongojeshwa, alipopakiwa tena. Masaa kumi na moja.

"Na huko walimtaka viza?"

"Huyu ni mzigo, mzee," karani alisema bila kuinua kichwa. "Mzigo unapita tu." Kisha akasikia alichosema mwenyewe, akaweka kalamu chini. "Nisamehe, mzee wangu."

Kalamu akaichukua mama. Palipoandikwa "mpokeaji" akaandika jina lake, herufi kubwa.

Wapagazi walilipandisha jeneza kwenye gari na kulisukuma ndani kwa adabu. Hakuna aliyemwita mzee kwa jina lake la utani siku hiyo. Mama akapanda nyuma, akakaa kwenye ubao kando ya jeneza, kiganja juu ya kifuniko. Mumewe alibaki chini, mkono kwenye mlango, dereva ameshawasha gari. Mke wake hakumtazama. Alisogea kidogo kuelekea mbele, pakabaki nafasi kwenye ubao, inayotosha mtu mmoja. Naye akasimama pale, hajui kama nafasi ile ameachiwa yeye, au mke wake alikuwa akijikalisha vizuri tu kwa safari.