Farasi Aliyelishwa Matangani

Mimi Kahambu nimeuza unga hapa mtaa wa Simi-Simi tangu nilipotoka Butembo, na mdomo wangu mtaa wote wanaujua. Kwa hiyo siku ya matanga nyumbani kwa Nabil, waliponiambia ninyamaze, walijisumbua bure.

Nabil ni jirani yangu, muuza vipuri vya pikipiki. Tulimwita Libanais, yaani Mlebanoni, kwa sababu kwetu Kisangani kila Mwarabu ni Libanais, hata akuambie mara ngapi kwamba kwao ni Gaza. Vita vya kwao vilipoanza ndipo jina hilo la Gaza lilipotuingia kichwani. Na sisi tulikuwa na vita vyetu. Ng'ambo ya mto watu walichinjana kwa ajili ya mashamba, waliokimbia wakaja kujazana kwenye uwanja karibu nasi, chini ya mahema. Pampu ya pale ilipokufa, watoto walianza kuharisha, tukazika wengine. Basi Nabil akanunua farasi jike kwa wafugaji Wambororo wa Bas-Uélé, akamfungia mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli ya Toyota, akamtafuta Liévin, mmoja wa wakimbizi hao, wakawa wanawapelekea watu maji safi kila siku. Liévin alimpa farasi jina la Moteur, yaani injini. Mungu anisamehe, nilimcheka Nabil mwanzoni, lakini tangu Moteur aanze kazi hatukuzika mtoto mwingine.

Chakula cha Moteur alikipanga Nabil mwenyewe: majani, maji, chumvi kidogo. Ukimpa hata ganda la ndizi, Nabil anakufokea mbele ya wateja.

Asubuhi ile dada yake alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mdogo wao Samir ameuawa kule Gaza akitoka kuchota maji. Nabil akafunga duka, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, simu mapajani. Hakulia. Mtu akikaa hivyo anakutia hofu kuliko anayejigaragaza.

Tukafanya kama tunavyofanya. Wanaume wakaleta viti, wanawake tukatandika mikeka na kuinjika masufuria. Kwetu nyumba yenye kilio haiwashi moto wake. Majirani ndio wanaolisha kila anayelala humo. Na Moteur alilala humo, nyuma ya nyumba, chini ya bati. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenye msiba farasi anakula nini.

Mchana Liévin akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Mama Kahambu, Moteur iko chini! Iko nageuka-geuka, iko naangalia tumbo yake!"

Nilikwenda. Mama yangu! Mnyama amelowa jasho kama amevuka mto, anajipiga teke tumboni, analala, anaamka, analala tena. Macho yake yalikuwa meupe. Watu walikwisha kumzunguka, kila mmoja na shauri lake, na Mama Augustine, mke wa mvuvi wa Yanonge, anayepika pombe kali ya lotoko, amesimama katikati kama hakimu.

"Tumwambie Nabil," nikasema.

"Hapana! Mutu wa kilio hawamurushie habari ingine mbaya," Mama Augustine akasema. "Tungoje papa mukubwa, muzee wa mutaa, afike. Atamwambia polepole, batu bakimaliza kula."

"Tungoje? Na huyu nani atamwambia angoje?"

"Njo desturi, Kahambu. Nyamaza kwanza."

"Sinyamazi! Kesho batoto ba kwenye mahema batakunywa nini? Lotoko yako?"

Wakaanza kubishana nani ana umri wa kutosha kulisema jambo lile. Wenzangu, walibishana kweli, na farasi anagongesha kichwa ardhini! Nikawaacha na desturi yao, nikaenda moja kwa moja kwenye kile kiti.

"Nabil, Moteur iko nakufa. Inuka."

Wanawake wakashika midomo. Nabil akaniangalia kama mtu aliyeamshwa, halafu akainuka.

Aliweka sikio ubavuni mwa farasi, huku, kisha huku. Alisikiliza muda mrefu mpaka nikataka kumvuta.

"Hakuna kitu," akasema. "Tumbo imenyamaza. Alikula nini?"

Kila mtu akaangalia vidole vya miguu yake.

"Semeni!" nikafoka.

"Machicha ya lotoko," Mama Augustine akasema. "Beseni moja."

"Moja?"

"Mbili. Nguruwe wangu wanayapenda."

Mwingine akasema maganda ya muhogo. Mwingine wali wa matanga. Hata Binti wa kona, ambaye mimi hanipi hata chumvi ya kuazima, alikuwa amemletea fufu, ugali wetu wa muhogo. Wote walikuwa na huruma, na wote karibu wamuue.

Nabil hakufoka. Hilo ndilo lililonikata maini.

"Farasi hawezi kutapika," akasema. "Kikiingia, lazima kitokee nyuma. Tumbo ikifunga, au ikijinyonga, amekwisha. Liévin, mutembeze polepole. Asijigaragaze."

Mtu akaja na chupa ya mafuta ya mawese, amnyweshe. Nabil akamshika mkono. "Itaingia kwenye mapafu. Hakuna mutu anamutia kitu mudomoni." Kisha akanigeukia. "Kahambu, nitafutie Buscopan ya sindano. Nyingi."

"Ile ya tumbo, tunatumia sisi bamama kila mwezi?"

"Ile ile."

Nikadandia toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikamsukuma dereva kwa matusi mpaka kwenye famasi. Ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu walikuwa na vichupa viwili tu, na muuzaji anataka kujua mgonjwa ana uzito gani. Nikamwambia anazidi ukoo wako mzima, lete!

Niliporudi, Moteur alikuwa amelala tena, na Liévin anavuta kamba huku analia waziwazi. Langoni walisimama wanawake wa kwenye mahema na madumu yao matupu. Walitazama tu.

Nabil alipokea vichupa vyangu viwili, akavigeuza kiganjani.

"Havitoshi," akasema.

"Njo vyote vilivyopo! Nimezunguka muji!"

Akasimama pale, kama amesahau anachofanya. Nilitaka kumtikisa. Halafu akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa utepe, kimeandikwa Kiarabu juu. Akakichana kwa meno. Ndani, vichupa vya Buscopan vimejaa, vimepangwa vizuri ndani ya pamba.

Akamchoma sindano kwenye mshipa wa shingo. Kisha tukangoja. Liévin anamtembeza, anasimama, Nabil anasikiliza, anatikisa kichwa. Anatembeza tena. Mimi nilisali rozari bila kujua niko fumbo la ngapi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati pale Nabil alipoinua mkono tunyamaze, sikio bado ubavuni.

"Inaongea," akasema.

Moteur akajamba kwa kishindo cha kutisha. Halafu akainua mkia, akaangusha samadi, rundo zima. Ee Mungu! Vigelegele vya wanawake wa kwenye mahema vilisikika mpaka mtoni. Mama Augustine alinikumbatia, mimi niliyemtukana.

Nilimfuata Nabil, nacheka, machozi yananitoka, na hasira juu.

"Ulikuwa nayo ndani ya nyumba, na ukanituma nikimbie hivi? Weye mutu gani?"

Alikuwa ameshika karatasi ya kile kifurushi, anainyoosha gotini.

"Ilikuwa ya Samir," akasema. "Farasi wake wa mukokoteni alishikwa na tumbo hivi hivi. Aliniomba dawa, kule haiko. Nilinunua hapa, nikafunga. Hakuna njia ya kuifikisha."

"Na farasi?"

"Alikufa. Samir akaanza kubeba maji mugongoni. Na mukokoteni angefika nyumbani upesi. Kwa miguu, na mizigo ile..." Akakunja karatasi, akaikunjua. "Nilikuwa nangoja njia ifunguliwe, Kahambu. Hata jana nilikuwa nangoja."

Hapo akalia. Alikaa chini kwenye udongo, karibu na rundo la samadi, akalia kwa sauti kubwa, na sisi tukakaa chini pamoja naye.