Fundi Aliyefichwa Uani

Walimjengea chumba uani, wakasema mzee apumzike. Kupumzika gani huko? Mtu kashona nguo barazani maisha yake yote, kila apitaye "Shikamoo fundi!", leo unampa televisheni na ukuta, halafu unajisifu mbele za watu eti unamtunza baba!

Chakula kinakuja na sinia, sinia linaondoka. Mwanawe anapita, simu sikioni, anampungia mkono kama anafukuza nzi. Wajukuu nao, masikio yamezibwa na muziki.

Basi mzee akaanza ujanja wa kifundi. Nguo zikianikwa, anapita na wembe, anafumua mshono. Leo kifungo cha shati, kesho zipu. Na kweli wakaja!

"Babu, sketi ya shule, haraka!"

"Kaa hapo mjukuu wangu. Huko shule wanasemaje?"

Maongezi kiduchu tu, lakini mzee anashiba wiki nzima.

Mpaka mkwewe alipomkuta kambani, wembe mkononi.

"Mume wangu, njoo uone! Mzee kachanganyikiwa, anachana nguo zetu!"

Mwana akaja mbio. Hata kuuliza hakuuliza.

"Cherehani naiuza. Na wewe baba, tunakupeleka kwa daktari wa akili."

"Akili zangu timamu," mzee akamjibu. "Nguo zikiwa nzima, humu ndani nani ananijua? Nirudishe barazani."

"Watu watasema nimeshindwa kukulisha!"

"Waseme! Mimi nina hamu ya kumsikia mtu akisema, lolote lile."

Mwana akasonya, akaingia ndani. Haya, mdharau mwiba mguu huota tende.

Asubuhi kawasha gari aende kazini kwake, akakwama. Geti li wazi, na katikati yake cherehani. Nyuma ya cherehani mzee, mguu kwenye pedali, kazungukwa na wapita njia.

"Fundi! Kumbe upo? Mwanao alituambia umehamia shamba!"

Shamba! Baba yuko nyuma ya ukuta, unamhamishia shamba kwa mdomo!

Honi ikalia mpaka ikakauka.

"Baba, nachelewa!"

Mzee hakuinua hata macho.

"Wenzako wote hapa wamenisalimia kwanza."

Watu wakageuka, wakamkodolea macho. Mlango wa gari ukafunguka polepole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vuta kigoda ukae, huyu mama namkunjia pindo."