Mkeka wa Kija

Nilipika uji langoni pa kampuni ya ulinzi, kule njia ya Buswelu, tangu walinzi wake wa kwanza walipovaa sare. Ulikuwa wakati wa ruksa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga, wanunuzi binafsi wa pamba wanapita vijijini na mabegi ya fedha, na kila mwenye mali anataka mtu wa kumsimamia na bunduki. Kampuni iliweka shotigani zake kwenye stoo yenye mlango wa chuma. Jioni walinzi wanachukua, asubuhi wanarudisha, halafu wanakuja kwangu na macho mekundu wakitaka uji wa moto.

Uji na kitendawili. Kwangu hunywi bila kutegewa. Ukishindwa unanipa mji, nami naupokea kwa madaha: nimekwenda Magu, nimelishwa wali, nimepewa ng'ombe mweupe, nimerudi na jibu lako mfukoni. Wanangu wale walicheka mpaka uji ukawapalia.

Mwanangu Josephat alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyenitafutia nafasi pale langoni.

Mtunza stoo aliitwa Ndalahwa. Mtu wa mwili, shati limepigwa pasi, funguo kiunoni zinalia akitembea. Bunduki zilikuwa zikiandikwa kwenye kitabu, na mwenye kalamu alikuwa yeye. Basi msimu mmoja wa pamba, mnunuzi mmoja alivamiwa usiku njia ya Magu, akapigwa risasi ya mguu, mguu ukakatwa. Bunduki ikaokotwa kwenye jaruba la mpunga, ni ya kampuni yetu. Kitabu kikafunguliwa. Kitabu kikasema jioni ile bunduki hiyo ilichukuliwa na Josephat.

Josephat jioni ile alikuwa amelala kwangu na homa, mimi nikimkanda kwa maji. Nikasema hivyo mahakamani. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikajibu mama yake. Akakaa chini, kama vile nimemsaidia.

Miaka thelathini. Wakampeleka gereza la Butimba.

Nilirudi langoni na sufuria yangu. Watu walidhani nina moyo mgumu, au shida ya chakula tu. Mimi nilirudi kwa sababu Ndalahwa alikuwa pale. Asubuhi hiyo nikawategea kama kawaida.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgonjwa wangu hali, hanywi, lakini akikohoa mji mzima unakimbia."

Wakafikiri. Ndalahwa alikuwa amesimama na bakuli lake mkononi, akafikiri na yeye. Mtu anayelala na bunduki, anaamka na bunduki, hakuijua.

"Haya, mtunza stoo," nikamwambia, "umeshindwa. Nipe mji."

Akanitazama, akatabasamu. "Nakupa Butimba, mama. Ukamsalimie mwanao."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akaweka bakuli chini bila kumaliza. Mimi nikaupokea. Nikasema, "Nimekwenda Butimba, nimerudi. Jibu ni bunduki." Nikamwongezea uji. Tangu asubuhi hiyo nilijua ninachoishi kwa ajili yake. Sikumwomba Mungu amtoe Josephat tu. Nilimwomba amwingize Ndalahwa.

Nikaanza kumtazama. Na nilichokiona kilikuwa kimepita mbele ya macho yangu zamani, nikakipa na chakula juu.

Ndalahwa alikuwa na mpwa wake, Kija, kijana mrefu mwenye adabu nyingi. Mara moja moja alikuja kumuaga mjomba wake, mkeka umekunjwa begani, umefungwa kamba. Anakwenda msibani. Shangazi huyu, binamu yule, upande wa Sengerema, upande wa Magu. Sasa kwetu mtu mwenye mkeka wa msiba hasimamishwi njiani. Unampa pole, unampisha. Hata askari wa feri pale Kigongo, wanaopekua mpaka vikapu vya dagaa, mwenye mkeka wa msiba wanamvulia kofia.

Siku ile ya kabla ya mnunuzi wa pamba kupigwa risasi, Kija alikuwa amepita na mkeka. Nilimpa pole. Nilimfungia chapati za njiani, bure, na machozi yakanilenga kwa ajili ya huyo shangazi yake. Baadaye nikakutana sokoni na mtu wa kijiji chao. Nikampa pole naye. Akashangaa. "Msiba gani, mama? Sisi mwaka huu hatujazika mtu."

Chapati zangu zilisafiri pamoja na bunduki iliyomfunga mwanangu. Hilo lilikuwa linanikaba usiku kuliko hukumu yenyewe.

Ningemwambia nani? Mama wa mfungwa. Nikakoroga uji.

Kisha mwenye kampuni akaogopa. Wateja walikuwa wanamkimbia, wanasema bunduki zake ndizo zinazowaibia. Akamleta binti mmoja kutoka Dar, Teodora, mtaalamu wa mitambo, suruali ya jinsi na sauti ndogo. Akaja na kompyuta na vidude vya chuma vya duara, vidogo kama betri ya saa. Walinzi wakaviita vidonge. Kila bunduki ikagongewa kidonge chake ubavuni mwa kitako, kila mlinzi akapewa chake cha kuvaa shingoni, na Ndalahwa chake. Bunduki ikitoka, kuna fimbo fupi kama tochi: inagusishwa kidonge cha Ndalahwa, cha mlinzi, cha bunduki. Pii, pii, pii. Kompyuta inashika nani katoa, nani kachukua, saa ngapi. Jioni Ndalahwa anagusa kidonge chake, kisha vya bunduki zote za kwenye rafu, na mtambo unajua kilicholala nyumbani. Kalamu haina kazi tena.

Walinzi walifurahi. Walikuwa wanaogopa kitabu kile tangu Josephat.

Teodora alipokuja kunywa uji nikamuuliza, "Mwanangu, na mtu aking'oa hicho kidonge?"

Akatazama huku na huku. "Shikamoo, mama," akasema, kama hajasikia. Nikaitikia marahaba. Akanywa uji wake wote, akanirudishia bakuli, ndipo akasema chini chini, "Hilo usiniulize tena hapa."

Nikajua nimepata mtu.

Msimu wa pamba ukarudi. Mchana mmoja Kija akatokea langoni, mkeka begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jamani! Nani tena?"

"Bibi mzaa baba. Sengerema. Nawahi feri."

"Pole sana, mwanangu. Pole sana." Nikamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi. "Tangulia. Huu si msiba wa kwenda peke yako."

Hakunielewa. Aliposhika njia, niliacha uji ukiungua jikoni, nikakimbia kwa Bernadeta, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. Nilikuwa nimemweleza yote zamani.

"Leo?" akauliza.

"Leo."

Akajifunga khanga kiunoni, akawaita kina mama wa jirani, tukapanda gari la kwenda Kigongo.

Tulimkuta Kija kwenye foleni ya feri, amesimama na mkeka kama amebeba mtoto. Bernadeta hakungoja. Alianzia mbali, "Yalaa, bibi yetu! Yalaa, umetuacha na nani!" Kina mama wakadaka. Watu wote wa feri wakageuka, wanaume wakavua kofia, wauza samaki wakanyamaza. Kija akawa anapepesa macho.

"Mama zangu, asanteni, lakini..."

"Usiseme kitu, mwanangu," Bernadeta akamwambia, amemkumbatia shingo. "Sisi ndio mama zako. Tandika mkeka tukae, tumlilie kabla feri haijaja."

"Hapana. Huu ni wa kule."

"Wa kule nini? Mkeka wa msiba ni wa kukaliwa!"

"Mama, niache!"

"Mnamsikia?" nikasema mimi kwa sauti ya watu wote. "Amefiwa na bibi yake, anatunyima mahali pa kulilia. Huyu ametokea kwa nani?"

Mzee mmoja mwenye baiskeli akaguna. Mama mmoja akasema kijana wa siku hizi hana haya. Askari akasogea, taratibu, akamwambia Kija kwa upole, kama mtu anayemfundisha mila, "Watandikie wazee, kijana. Feri bado." Na yeye mwenyewe, kwa heshima tu, akanyoosha mkono kumsaidia kufungua kamba.

Kija akauachia mkeka, akakimbia. Wauza samaki walimkamata kabla hajafika kwenye mawe. Na mkeka ukajikunjua wenyewe pale chini: mtutu huku, kitako kule, risasi zimefungwa kwenye kitambaa cheupe kama sanda.

Bernadeta akanyamaza kulia. Mimi ndipo nikaanza, na sikuwa ninamlilia mtu.

Kituoni, Kija alisema ameiokota. Namba ya bunduki ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa, na ubavuni mwa kitako kulikuwa na shimo la duara, jipya, mbao yake bado nyeupe. Nikawaambia polisi ni ya kampuni ya pale njia ya Buswelu. Wakaniangalia kama bibi aliyechanganyikiwa, lakini wakapeleka mtu.

Ndalahwa alikuja jioni, amekwisha funga hesabu yake. Shati limenyooka. Funguo zinalia. Teodora alikuwa nyuma yake na mkoba. Ndalahwa aliitazama ile bunduki mezani kama mtu anayeonyeshwa kiatu cha jirani.

"Afande, si ya kwetu. Zamani tungebishana. Sasa hivi tuna mtambo." Akatandaza karatasi ya kompyuta. "Bunduki za akiba zote zimelala stoo. Nimezigusa mwenyewe, jioni hii hii, kwa mkono wangu."

"Una hakika?" Teodora akamuuliza.

"Wewe si ndiye uliyeleta mtambo? Au mtambo wako unadanganya?"

"Haudanganyi."

"Basi." Akanigeukia. "Mama, nenda kapike uji. Uchungu wa mwana utakuua."

Nilikuwa namtazama Teodora, ambaye alikuwa ametoa bisibisi mkobani. Akakilaza kile kitako, akafungua skrubu za bamba la nyuma, lile linalokaa begani. Bamba likatoka. Ndani, kwenye mbao iliyochimbwa, kulikuwa na kidonge cha pili.

"Kila bunduki ina viwili," akamwambia afande. "Hiki hakuna aliyekijua ila mimi na mwenye kampuni."

Akakigusa na fimbo yake. Pii. Akasoma. Akaweka kidole kwenye karatasi ya Ndalahwa, kwenye mstari wa bunduki hiyo hiyo. Kwa karatasi ile ilikuwa imelala stoo, imeguswa jioni hiyo, wakati yenyewe ipo mezani kwa polisi. Ndalahwa alikuwa ameng'oa kidonge cha nje, akakiacha kwenye rafu, akawa anakigusa kikiwa kitupu bila bunduki.

"Na aliyegusa," Teodora akasema, "ni mwenye kidonge kile cha shingoni."

Sote tukatazama shingo ya Ndalahwa. Alikuwa amekishika, amekivuta mpaka uzi umemkata ngozi. Safari hii hakukuwa na jina la kuandika. Kalamu haikuwepo.

"Mama Josephat," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Mama, waambie."

"Niwaambie nini, mwanangu? Mimi ni mpika uji."

Kija alisema yote kabla ya asubuhi, na njia ya Magu aliitaja, na nani alishika bunduki. Rufaa ya Josephat ilichukua muda wake, maana karatasi za kumtoa mtu hutembea polepole kuliko za kumwingiza, lakini alitoka. Alitoka amekonda, hataki mlango ufungwe, akisikia funguo zikilia anasimama. Namlisha. Atarudi.

Watu wakaniambia sasa yaishe, mwana umempata. Padri naye aliniambia. Nikamjibu ndiyo, Baba, kumebaki jambo dogo tu.

Nilipika uji mzuri, wa ulezi na karanga, nikaubeba kwenye chupa ya chai mpaka Butimba. Ndalahwa akaletwa. Ile miaka thelathini ilikuwa sasa yake. Nguo za jela zilikuwa zinamning'inia. Nikammiminia. Akanywa kwa mikono miwili, akasema Mungu akubariki mama, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kitendawili," nikamwambia.

Akanyanyua macho. "Tega."

"Tulilia msiba, hakuna aliyekufa. Tukazika, na tuliyemzika anakunywa uji."

Bakuli likasimama katikati ya njia. Alijua, nadhani. Lakini kuna majibu ambayo mdomo hauyabebi.

"Sijui, mama."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Mwanza. Mwanza yote."

"Mwanza naishi. Utanipaje?"

"Magu, basi."

"Magu si yako tena. Sengerema pia si yako. Wewe mji unao mmoja tu, ulinipa mwenyewe siku ile langoni, mbele ya watu. Nimekaa nao sana, Ndalahwa. Nimekwenda kila Jumapili, nimesimama juani, nimerudi." Nikachukua bakuli langu mkononi mwake, nikafunga chupa yangu. "Nimekuja kukurudishia. Chukua."

Na jibu sikumwambia.