Wageni wa Sakafuni

Ukumbi wa kwanza ulinuka dawa ya bwawa. Wa pili ulikuwa na ngazi nyingi mno kwa goti la bibi, ambaye nyumba nzima ilimwita Teta. Kwa hiyo ilipofika jioni, Nuhad na binti yake Lamis wakaenda kwa Fawwaz, ambako kila bibi harusi wa pwani ile ya kaskazini mwa Beirut alitamani kupigwa picha jua likizama. Lamis alikuwa amempigia mchumba wake simu ya video. Kijana alikuwa Dubai kikazi, na alitaka aone kila kitu, hata vitambaa vya meza.

Fawwaz aliwapokea mwenyewe, mzee mtanashati wa viatu vyeupe. Aliwaagizia kahawa akawatembeza. Baraza lake lilikuwa la marumaru, pana, limeingia baharini. Zamani pale palikuwa maji matupu. Vita vilipokuwa vikiisha, bahari ikajazwa vifusi na zege, na Fawwaz, aliyekuwa mkuu wa kizuizi cha wapiganaji pale darajani, akabadili kazi akawa mwenye ukumbi. Hakuna aliyeona ajabu. Wengi walibadili kazi wakati ule.

Jua lilipogusa maji, wanaume wakaanza kuchomoza sakafuni. Walipanda taratibu mpaka usawa wa kifua, mmoja hapa, wawili kule, wakatulia hapo wakijipangusa vumbi la saruji mabegani. Wahudumu wakapita na vyungu vya waridi jeupe na kuwazungushia.

"Hawa ni wa sakafuni," Fawwaz alisema. "Wasikutieni wasiwasi. Hawali, hawanywi, na muziki ukizimwa wanashuka zao."

"Na wakati wa kucheza?" Lamis aliuliza. "Gauni langu lina mkia mrefu."

"Wamezoea kuinamisha vichwa, bibi harusi wetu."

Simuni mchumba alikuwa akishangilia. "Pazuri jamani! Tena peupe, hakuna kinachoziba bahari!" Kwenye kamera wanaume wale hawakuwa wakionekana.

Nuhad hakuwa akisikiliza. Karibu na jukwaa la bendi alimwona kijana wa shati la bluu, mkono wa kushoto hauna kifungo. Shati lile alilipiga pasi yeye mwenyewe alipokuwa msichana wa shule, na alikuwa amemwambia kaka yake angoje kidogo tu, atunge uzi amshonee. Wadih hakungoja. Alikuwa akiwahi mtungi wa gesi, na duka la gesi lilikuwa ng'ambo ya daraja. Nuhad alibaki mlangoni na kifungo mkononi.

Akamwendea, akachuchumaa.

"Umenenepa," Wadih alisema.

"Na wewe umechelewa."

"Gesi mlipata?"

"Tulipikia kuni mpaka Pasaka."

Wadih akacheka. Umri ulikuwa uleule, hata pengo la jino lilikuwa palepale. Nuhad akamshika makwapani akavuta, kama anavyotolewa mtoto kwenye beseni. Hakusogea. Kuanzia kifuani kwenda chini zege lilikuwa limemshika. Nuhad akavuta tena kwa nguvu zote, kisigino cha kiatu chake kikavunjika.

"Wacha, utateguka mgongo," Wadih alisema. "Mama bado ananiwekea sahani?"

"Kila siku ya Mungu."

"Mwambie apunguze bamia. Nimezichoka."

Nuhad akamgeukia Fawwaz. "Huyu ni kaka yangu. Namtaka atolewe."

Fawwaz alimtazama Wadih kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemsahau jina. "Majina sikuwahi kuwauliza, dada, Mungu shahidi wangu," alisema kwa upole. "Kumtoa si kazi. Lakini ni kuvunja sakafu, na tuna harusi mpaka Oktoba. Tutaliangalia baada ya msimu."

"Mke wangu naye huambiwa hivyohivyo," alisema mwanamume wa chungu cha pili. "Kila kiangazi anakuja."

Lamis alizima simu, akamshika mama yake mkono. "Mama, tukifanyia kwingine, mjomba hatakuwepo."

Nuhad alimchukia mwanawe kwa pumzi moja. Kisha akaona kwamba ni kweli. Wakachagua Jumamosi ya Septemba. Kahawa ikaletwa, tamu kama inavyopasa kahawa ya harusi, na Nuhad hakuigusa.

Nyumbani Teta alikuwa jikoni akikata vichwa vya bamia. Kwao kahawa isiyo na sukari ni ya matangani, na tangu Wadih aondoke Teta hakuwa ameiruhusu kupita mlango ule. Waliowahi kuja kumpa pole aliwatoa kwa ufagio.

"Mmepata ukumbi?"

"Tumepata. Kwa Fawwaz," Nuhad alisema. "Wadih yuko pale, mama. Anasema amezichoka bamia."

Teta akaweka kisu chini. "Mwongo huyo. Alikuwa akizimaliza mpaka anaramba sufuria."

Nuhad akateleka maji, akapika kahawa, na kopo la sukari hakulifungua. Aliweka kikombe mbele ya mama yake. Teta alikitazama mpaka mvuke ukaisha, kisha akanywa yote, hata machicha.

"Watamtoa lini?"

"Baada ya msimu."

"Na dansi pale nani hufungua?"

"Fawwaz. Kila harusi."

Teta akatikisa kichwa polepole. "Basi mniweke meza ya karibu na jukwaa, kando ya mwanangu. Acheze nikimtazama."

Akavuta kopo lake la kushonea, akapekua chini ya mikasi mpaka akapata kifungo cha bluu, akamkabidhi Nuhad sindano.

"Nitungie uzi," alisema. "Macho yangu hayaoni tena, na safari hii atangoja."