Dawa ya Baba Yapimwa

Mimi ndiye wa katikati kati ya watoto watatu wa Mzee Pyo, na ndiye pekee nisiye daktari. Mimi nakaanga kuku. Duka langu liko mjini Daegu, jirani kabisa na mtaa wa wauza mitishamba, kwa hiyo wateja wangu wanaingia wananukia mizizi na kutoka wananukia kitunguu saumu.

Dada yangu Geum-ran ni daktari wa tiba yetu ya asili, mtu wa sindano nyembamba na dawa za kuchemsha, na wagonjwa wake wengi ni watoto. Mdogo wetu Dong-uk ni daktari wa watoto hospitalini. Kila sikukuu ya mavuno, tukishamaliza kuwasujudia wazee waliotangulia na kukaa kula, ugomvi ulikuwa uleule: dawa ya marehemu baba.

Ilikuwa dawa ya maji, nyeusi kama mchuzi wa soya, ya watoto wasiotaka kula. Ndani yake mlikuwa na kunazi zilizokaushwa, tangawizi, maganda ya chenza na mizizi kadhaa. Baba aliichemsha maisha yake yote, naye Geum-ran akairithi.

"Dada, ushahidi uko wapi?" Dong-uk aliuliza mwaka ule, mdomo umejaa keki ya mchele.

"Watoto wanakula. Unataka ushahidi gani tena?"

"Watoto wengi wangeanza kula tu wenyewe, hata usipowapa kitu."

"Wewe hujaanza hadi leo. Angalia karoti ulizozipanga pembeni ya sahani, baba mzima!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Lakini Geum-ran hakucheka. Aliweka vijiti vyake mezani. "Sawa," akasema. "Tuipime. Mimi na wewe, kwa haki. Ila ikifaulu, utakula hizo karoti mbele yangu."

Walichukua mwaka mzima kupata kibali na kupanga mambo. Watoto wangegawanywa kwa kura: nusu wapate dawa ya baba, nusu wapate ya bandia inayofanana nayo. Wazazi waliambiwa wazi kuwa mtoto anaweza kuangukia upande wowote, na aliyejua chupa ipi ni ipi alikuwa mtaalamu wa takwimu wa chuoni peke yake.

Kazi ilikuwa kutengeneza hiyo ya bandia. Walikuja kuipikia jikoni kwangu, sukari ya kuunguza, rangi, na kitu kichungu kisicho na madhara. Mwonjaji alikuwa mama, kwa sababu ameishi na harufu ile tangu aolewe, naye hakuambiwa kikombe kipi ni cha bandia na kipi ni cha kweli.

"Hii ni kahawa iliyolala," alisema juu ya jaribio la kwanza. La pili akalitema kwenye sinki. La tatu alilinywa taratibu, akafumba macho, na machozi yakamtoka. "Hii ndiyo ya baba yenu."

Ilikuwa ya bandia. Hakuna aliyethubutu kumwambia siku ile.

Kati ya watoto waliosajiliwa alikuwapo Ga-on, binti wa miaka mitano, mwembamba kama kijiti, aliyelelewa na bibi yake, Bi. Tak. Bibi huyu alikuwa akimkimbiza mjukuu nyumba nzima na kijiko cha wali, mtoto chini ya meza, bibi naye chini ya meza. Baada ya wiki chache za dawa, Bi. Tak aliingia dukani kwangu amemshika Ga-on mkono, akaagiza kuku mzima.

"Mtazame! Jana kaomba supu ya pili. Wengine huko wamepewa maji ya sukari, maskini, lakini wangu kapata yenyewe. Naiona usoni!"

Geum-ran, aliyekuwa anakula kwenye kaunta, alijibu kwa adabu, "Bado hatujui, bibi." Ila Bi. Tak alipotoka, alinifinya mkono kwa furaha. Na yeye alikuwa anaiona usoni.

Majibu yaliletwa dukani mchana, siku nisiyofungua. Mtaalamu wa takwimu alifungua kompyuta yake. Watoto wa dawa ya baba walikuwa wameanza kula vizuri zaidi. Watoto wa ile ya bandia nao walikuwa wameanza kula vizuri zaidi. Huwezi kuwatofautisha.

"Na Ga-on?" Geum-ran aliuliza.

"Bandia."

Nilimtazama Dong-uk nikitegemea tabasamu. Hakutabasamu. Alimsogezea dada kiti. "Pole, dada. Kweli nilikuwa naanza kutamani nishindwe."

Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kona, ndipo akauliza swali lililotuchoma. "Kwa hiyo baba yenu alikuwa anawadanganya watu?"

"Hapana, mama," Geum-ran alisema, akaenda kupiga magoti mbele yake. "Aliona watoto wanakula, na walikula kweli. Hakuwa na wa kuwalinganisha nao, basi. Na tulichopima ni dawa moja, kwa tatizo moja."

Kesho yake alimwendea Bi. Tak mwenyewe. Nilimsindikiza na kuku, maana nilijua atatukanwa.

"Sukari ya kuunguza!" Bi. Tak alifoka. "Mimi nimewaambia mtaa mzima!" Kisha akamtazama mjukuu wake. "Sasa huyu kala kwa sababu gani?"

"Sijui kwa hakika, bibi. Nyote, wa dawa na wa bandia, tuliwaambia mtoto akae mezani na wenzake, asipewe maziwa wala biskuti kabla ya chakula, na asikimbizwe na kijiko. Labda ni hilo. Labda ni umri tu."

"Yaani tatizo ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa adabu," Bi. Tak alisema, akachukua paja la kuku.

Geum-ran alitangaza matokeo kwa jina lake na la Dong-uk. Wenzake wa kazi wengine walimnunia. Dawa ya baba aliitoa kwenye rafu. Siku hizi mzazi akija na mtoto asiyekula, anampima mtoto uzito na kumuuliza mzazi wanakulaje nyumbani, na wengi hurudi na habari njema.

Nilidhani ugomvi wa mezani umekwisha. Sikukuu iliyofuata, kabla supu haijapoa, Geum-ran alimgeukia mdogo wake.

"Zile vitamini unazowaandikia watoto wa hospitali wasiokula. Ushahidi uko wapi?"

Dong-uk aliacha kutafuna. Alifikiri kidogo, masikio yakamwiva kwa haya. "Ngoja nimeze kwanza, dada," alisema, na mama akaniomba nisafishe ile sufuria kubwa ya jikoni kwangu, iliyopikiwa dawa ya bandia, maana kwa jinsi anavyowafahamu hawa, itahitajika tena.