Mlinzi Mkuu wa Baruti

Ijulikane kwa watu wote, kutoka Lugari hadi Matete, kwamba katika nchi yetu mpya iliyo huru hapakuwa na ghala la baruti lililolindwa kama la Lazarus Masinde. Ghala lenyewe lilikuwa uvungu wa kitanda, na cheo cha Mlinzi Mkuu alijipa mwenyewe mbele ya mkewe Jael na mbuzi wawili.

Baruti ilikuwa ya Onesmus, kaka yake Jael, mwenye bunduki na leseni. Mzungu aliyehama aliiacha kwenye mkebe, ya kujazia upya maganda ya risasi. Paa la Onesmus lilivuja, kwa hiyo akamkabidhi shemeji yake Lazarus mkebe huo pamoja na agizo: usiufungue mkebe, uweke pakavu, mbali na moto.

Masika yakaja, mkebe ukashika kutu, Lazarus akaingiwa na hofu. Akafanya kama mama yake alivyofanyia maharagwe ya mbegu: akachekecha majivu ya jikoni ya kunyonya unyevu, akayachanganya na baruti, akafunga. Hakumwambia mtu.

Sasa nyani walikuwa ndani ya mahindi, kundi zima, mchana kweupe. Yalikuwa mavuno ya kwanza ya Lazarus na Jael kwenye shamba hilo, na watoto hawakuwa na chakula kingine hadi mwaka ujao. Jael alipiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nyani walishamzoea.

Onesmus akaja mbio na risasi alizojaza alfajiri, gizani bado, kwa baruti ya mkebe ule. Akalenga, akafyatua. Bunduki ikapiga chafya, chembe za marisau zikadondoka karibu na miguu yake. Dume kubwa likamtazama, likaendelea kumenya hindi.

"Fataki mbovu hizo, haziwashi baruti," Lazarus akasema upesi. "Wazungu wameondoka na zile nzuri."

Ya pili, chafya. Ya tatu, chafya.

Onesmus akapasua ganda, akamwaga baruti kiganjani. "Shemeji, mbona hii imeota mvi?"

"Uzee."

"Uzee una vipande vya makaa?" Akanusa. "Inanuka jiko la dada yangu!"

Jael akashusha debe. "Baba Jescah," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "chekecheke yangu uliichukulia nini?"

Mstari mwingine wa mahindi ukalala chini. Lazarus akatafuta uongo kila mahali kichwani, akakosa.

"Ni majivu," akasema. "Nilitia mkebe mzima, hakuna baruti safi iliyosalia. Niliogopa unyevu, halafu nikawaogopa ninyi. Fataki ni nzima. Mzungu hana kosa. Ni mimi."